Keki ya Harusi Kwenye Tramu ya Bogna

Bogna Kalinka alikuwa dereva wa tramu, lile gari la abiria liendalo juu ya reli, mjini Grudziądz huko Polandi, na ukitaka kumwulizia hukuhitaji kumtaja jina. Ungesema tu "yule mwenye mdomo," na mtu angekuonyesha kwa kidole. Madereva wenzake waliendesha kwa mikono peke yake. Bogna aliendesha kwa mikono na ulimi. Kile kipaza sauti alichowekewa ili ataje vituo, yeye alikigeuza baraza.

"Wewe bwana wa kofia ya kahawia, mlango si mto wa kulalia. Ukifunguka utaamka barabarani."

Au tramu ikikaribia hospitali: "Wagonjwa shukeni, Mungu awape afueni. Wazima kaeni mlipo, msitafute makuu."

Alizaliwa Tarpno, upande wa kaskazini, nyuma kabisa ya pale tramu zinapozunguka ili zirudi mjini. Watoto wengine hubembelezwa kwa nyimbo. Yeye alilala kwa mlio wa magurudumu yakikata kona. Baba yake, mfanyakazi wa kiwanda cha mpira, alitaka awe mshonaji. Mama yake akasema, "Mshonaji yupi? Huyu hata uzi unamkimbia." Basi akapelekwa kujifunza tramu angali msichana, na siku ya kwanza alipoachiwa gari peke yake alijawa na furaha hata akasahau kusimama. Alipita kituo, akapita cha pili, abiria wakagonga vioo wakipiga kelele, "Dada, tunashuka! Dada, unatupeleka wapi?" Ilibidi wakubwa wamwite wamseme, akacheka mbele yao, nusura wamfukuze.

Aliolewa, akaachika. Mumewe alikwenda Ujerumani kuvuna stroberi, akavuna na Mjerumani. Stroberi zina msimu wake. Yule Mjerumani hakuwa na msimu, basi mume hakurudi. Barua ya kuachana ilipofika, Bogna aliingia zamu kama kawaida, akawasha kipaza sauti, akasema: "Jamani abiria, mume wangu kaniacha. Nawaambia mapema ili asije mtu akaumia koo kwa kunong'ona. Kituo kinachofuata, sokoni." Mjini kote habari ile haikupata hata wiki moja ya kusengenywa. Ingesengenywa vipi, na mwenyewe keshaitangaza?

Lakini lipo jambo moja ambalo hakulisema kwenye kipaza sauti. Kila Jumamosi ya kiangazi alipakia watu waendao harusini: wanaume waliobanwa na tai, wanawake wa manukato, maua yamefungwa karatasi za kumeremeta. Walipanda wakicheka, wakashuka wakicheka, mlango ukafungwa, na harufu ya manukato ikabaki ndani ya gari ikizunguka naye mpaka Tarpno. Yeye mwenyewe harusini hakualikwa tangu ile yake. Watu humzoea dereva wao kama wanavyozoea mlango wa nyumba. Ni nani anayealika mlango?

Basi ilikuwa Jumamosi moja ya Juni, mchana wa jua kali. Bogna alikuwa akitokea Rządz, upande wa kusini, anakwenda Tarpno. Nyuma ya Rynek, ule uwanja wa katikati ya mji, njia inabanwa na nyumba za zamani mpaka dirisha la huku linaweza kuliazima chumvi dirisha la kule. Reli pale ni moja tu, kwenda na kurudi. Na juu ya reli, siku ile, kilisimama kigari kidogo cha Fiat, rangi ya maziwa ya mgando, kimya, hakina mtu.

Bogna akapiga kengele. Akapiga tena. Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka, mzee akachungulia, akaona si lake, akafunga.

"Gari la nani hili?" Bogna akauliza kwenye kipaza sauti. "Kama mwenyewe yumo humu ndani na anaona haya, ashuke kimyakimya, tutafumba macho."

Hakushuka mtu. Kiti cha mbele kabisa alikaa Bi Leokadia, ajuza ambaye, kwa kuwa wazee hawalipi nauli, alipanda tramu kila Jumamosi kama wengine wanavyokwenda sinema. Akanyoosha shingo.

"Nambari za mji wa Brodnica hizo," akasema. "Watu wa Brodnica hawajui reli, maskini. Kwao wana maziwa ya kuvua samaki, na bata."

Nyuma yake akainuka Gerard, mwuza nyama, mtu wa mabega kama kabati. "Bogna, fungua mlango. Kigari hiki tunakibeba."

"Mtakiweza?"

"Nguruwe wangu ni wazito kuliko hiki."

Wakashuka wanaume, na wanawake wawili waliokataa kuachwa. Wakajipanga huku na huku. Gerard akahesabu, wakainua, kigari kikapaa juu ya reli kama mtoto aliyetolewa kwenye beseni. Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa usawa wa dirisha akapiga yowe: "Polepole! Polepole jamani, kuna keki!"

Wakachungulia hali wamekibeba. Kiti cha abiria kilikuwa kimeng'olewa, na mahali pake, na kwenye kiti cha nyuma, palikuwa na keki tatu kwenye mbao zake, nyeupe pe, zimepambwa waridi la sukari: kubwa, ya kati, na ndogo. Keki ya harusi ya ghorofa tatu, bado haijapangwa.

Wakatembea hatua ndogo kama wabeba jeneza la askofu, wakakitua kigari kando ya barabara kwa upole, keki isitikisike hata waridi moja. Walichosahau kuangalia ni kwamba mbele yake palikuwa na nguzo ya taa, na nyuma yake mti, na kati ya nguzo na mti palikuwa na nafasi ya kigari kile kile tu, hata gazeti lisingeongezeka.

"Atatokaje?" akauliza Bogna alipokwisha kuona.

Gerard akajifuta mikono. "Atajifunza," akasema, akapanda tramu. Wakaenda zao.

Mwenye gari aliitwa Ignacy Pokora, mwoka keki wa Brodnica, mjane, mtu mnene mwenye masharubu na haya nyingi. Bibi arusi alikuwa Lidka, mtoto wa dada yake, na Ignacy aliapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaomwokea keki. Ameendesha tangu alfajiri mwendo wa konokono, akijituliza kwa chai ya chupa. Chai ile ilimfikisha Grudziądz na haja isiyosubiri. Akasimamisha gari palipompa nafasi, akakimbilia mkahawa mdogo wa chakula cha nyumbani.

"Choo ni cha wateja," akasema mwanamke wa kaunta.

"Basi mimi ni mteja! Nipe chochote!"

"Lipa kwanza, ndipo uwe mteja."

Akalipia bakuli la żurek, ile supu chachu ya yai na soseji. Aliporudi kutoka uani, bakuli lilikuwa mezani linafuka moshi, na yule mwanamke amesimama karibu yake mikono kiunoni. Ignacy alikuwa mtu asiyeweza kuacha chakula mbele ya aliyekipika. Akanywa, akiungua ulimi. Kengele ikalia huko nje. Naye akajisemea, kengele za kanisa hizo, mji huu unapenda ibada.

Alipotoka akakuta gari lake limekaa kando, limebanwa mbele na nyuma, nalo limefungwa, na ufunguo anao mfukoni. Akalizunguka. Akalizunguka tena kinyume. Akaangalia juu, kama kwamba lingekuwa limedondoka. Akaingia, akaliwasha, akasogea mbele: nguzo. Akarudi nyuma: mti. Akatoka jasho.

Ndipo tramu ya Bogna ikarudi kutoka Tarpno. Ignacy akaruka katikati ya reli akipunga mikono yote miwili.

Bogna akavuta breki, akafungua kidirisha. "Wewe bwana! Umeanza kuweka gari relini, sasa unajiweka mwenyewe?"

"Mama, nisamehe, gari langu limepanda kando peke yake!"

"Halikupanda peke yake. Limepandishwa. Wewe ndiye wa Brodnica?"

"Ndiye mimi. Waliolipandisha wako wapi? Nawaomba walishushe!"

"Wameshuka Tarpno. Mmoja kaenda kuuza nyama, wengine sijui. Umesimamisha gari juu ya reli, ulitaka nipite wapi?"

Ignacy akaitazama tramu, akazitazama reli, akasema kwa unyenyekevu kabisa, "Nilidhani utakwepa kidogo."

Tramu nzima ikaangua kicheko. Bogna akaegemea dirisha. "Njoo hapa. Njoo, usiogope. Angalia mbele yangu. Unaona usukani?"

Akachungulia. "Sioni."

"Basi na mimi sijauona, na nina miaka ishirini na mitano humu ndani."

Lakini alipomtazama vizuri aliona masharubu yana supu na macho yana machozi. Ignacy akamweleza: harusi, ukumbi uko Rządz, mwisho wa reli, maarusi wanatoka kanisani wakati wowote, na bila keki dada yake atamkana mbele ya ukoo. Bogna akageuka kuwatazama abiria. Safari ile hakuwa na kina Gerard. Alikuwa na mabibi wa bustanini waliokumbatia maua na vitunguu, wasichana wa shule, na Bi Leokadia aliyekuwa bado hajashuka. Hao kigari hawakiwezi.

"Gari linabaki," Bogna akasema. "Keki inapanda."

"Inapanda nini?"

"Tramu, bwana! Au Brodnica keki zinatembea kwa miguu?"

Wakashuka mabibi na wasichana, wakajipanga mstari toka kwenye kigari mpaka mlangoni. Keki kubwa ikakalishwa juu ya magoti ya mabibi wawili waliokaa bega kwa bega. Ya kati ikawekwa kwenye kiti, Ignacy akapiga magoti kuizuia. Ndogo akapewa Bi Leokadia.

"Nikiilamba je?" akauliza.

"Bi mkubwa, nakuomba."

"Nauliza tu. Mtu mzima lazima ajue mipaka yake."

Bogna akawasha kipaza sauti. "Jamani, leo tunaendesha kama tumebeba mayai ya mfalme. Mwenye haraka ashuke atembee, atatupita." Kisha akaisogeza ile tramu taratibu, na watu waliokaa humo wanasema hawajawahi kuisikia ikiwa kimya vile. Ile kona mbaya inayopiga kelele miaka yote, siku ile iliguna tu.

Na Ignacy, hali amepiga magoti, akawa anautazama mji kupitia chini ya dirisha. Maisha yake yote ameishi si mbali na hapo, na hajawahi kuingia.

"Ule ukuta mwekundu ni wa nini?"

"Wa zamani," akajibu Bogna.

"Kwetu mtu akisema anakwenda Grudziądz, tunamwuliza amefungwa miaka mingapi. Tunajua mna jela tu."

"Na sisi tunajua mna bata tu," akasema Bi Leokadia. "Sasa tumepata na mtu asiyejua reli."

"Lakini pazuri," Ignacy akasema, kama anayejisemesha. "Mbona hamkusema kama ni pazuri?"

Hilo hawakuwa wamejiuliza. Wasichana wa shule wakageuka kuangalia nje, kana kwamba kuna kilichohamishiwa pale usiku.

Kituo kilichofuata akapanda Zenobi. Huyu alikuwa mkaguzi wa tiketi, mwembamba, kifuani ana beji ya duara inayong'aa, na alisifika kwa kumdai tiketi hata aliyezirai. Akawaangalia mabibi. Akaiangalia keki.

"Huu mzigo ni wa nani?"

"Wangu, bwana," akasema Ignacy kule chini.

"Mzigo mkubwa unalipiwa. Na wewe mwenyewe una tiketi?"

Ignacy hakuwa nayo. Kwa haraka ile hakukumbuka kama yeye pia ni abiria. Bi Leokadia akaingilia.

"Zenobi, mwanangu, mzigo ni kitu kinachobaki. Hiki kitaliwa. Huyo bibi pale ana mkate kwenye kikapu, mbona humtozi?"

"Mkate hauna ghorofa, bibi."

"Hata hii haina. Ghorofa zimegawanyika, kila mtu ana yake. Mimi hii ni yangu. Nipe tiketi ya mzee."

"Bogna!" Zenobi akapaza sauti mbele. "Umeruhusu hivi?"

"Mimi nimeruhusu abiria," Bogna akajibu kwenye kipaza sauti, wote wakasikia. "Kama mmoja wao ni mtamu kuliko wewe, si kosa langu."

Vicheko vilikuwa bado havijatulia pale upepo wa mtoni uliponyakua kofia ya mzee mmoja barabarani. Kofia ikabingirika mpaka relini, na mzee akaifuata bila kuangalia kushoto wala kulia. Bogna akamwona. Ulikuwa uamuzi wa kufumba na kufumbua: keki au mzee. Akavuta breki yote.

Tramu ikasimama kwa kishindo. Mabibi wawili wakaikumbatia keki kubwa kwa videvu. Bi Leokadia akainua ndogo juu ya kichwa kama kikombe cha ushindi. Lakini ile ya kati ilimponyoka Ignacy, ikateleza na ubao wake kwenye kiti, ikavuka ukingo, ikaanza kwenda chini. Na aliyekuwa mbele yake ni Zenobi. Mtu ana mishipa ya kazi na ana mishipa ya kuzaliwa. Ile ya kuzaliwa ikamshinda. Akajitupa magoti chini, akatandaza mikono, akaidaka keki kifuani kama kipa wa mpira.

"Imepona?" Bogna akauliza bila kugeuka. "Niambieni ukweli. Mzee amepona, namwona ananitukana. Keki je?"

Zenobi akajibandua polepole. Keki ilikuwa nzima. Ubavuni tu ilibaki alama ya duara, safi kabisa, yenye nambari ya beji yake, kama muhuri. Na krimu ilimjaa kuanzia tai hadi kidevuni.

Ignacy akatoa leso, akaanza kumfuta mkaguzi huku akilia na kucheka. "Umeniokoa, ndugu yangu. Nikulipe nini?"

Zenobi akalamba mdomo wa juu bila kukusudia. Akatafakari. Akalamba tena, safari hii kwa kukusudia. "Hii ni vanila?"

"Vanila, na ganda la limau kidogo."

"Endeleeni," akasema Zenobi, akaketi karibu na keki ya kati, akaishika kwa mikono miwili mpaka mwisho wa safari, na habari ya tiketi haikutajwa tena.

Walipofika Rządz, Bogna alipiga kengele mfululizo. Maarusi walikuwa ndiyo kwanza wamepokewa mlangoni kwa mkate na chumvi. Wageni wakatoka kukimbilia kelele, mpiga kodiani mbele, na wakaona msafara ukivuka barabara: mabibi wa bustani na keki kubwa, mkaguzi mweupe kwa krimu, ajuza amebeba ndogo kichwani, na mjomba Ignacy nyuma yao magoti yote mawili meusi. Lidka akaacha shela yake iburuzike, akaenda kumkumbatia.

"Mjomba! Gari liko wapi?"

"Limekaa mjini. Limebanwa."

"Na hii alama je?" akauliza, akionyesha ubavu wa keki.

"Muhuri wa mji," akajibu Zenobi upesi. "Heshima hiyo. Hawapewi wote."

Ignacy akaiziba ile alama kwa stroberi, akarudi mbio mpaka dirishani kwa Bogna, ambaye alikuwa anaangalia saa, kwa kuwa amechelewa vya kutosha.

"Mama, hujaniambia jina."

"Bogna. Na usiniite mama, tuko rika moja."

"Dada Bogna, njoo harusini."

Mara nyingine zote Bogna angekuwa na jibu kabla mtu hajamaliza. Safari hii aligusagusa mpini wa breki. "Nina zamu," akasema.

"Zamu haziishi?"

"Huisha."

"Basi ikiisha njoo. Mimi ni mjomba wa bibi arusi, nikialika nimealika. Nitakuwekea kipande chenye waridi."

Bogna alizunguka mpaka Tarpno na kurudi bila kusema neno kwenye kipaza sauti. Abiria wakatazamana. Mmoja akaenda mbele kumwuliza kama anaumwa. Zamu ilipokwisha, jua halijazama bado, alisimama mbele ya kioo cha bohari la tramu, akachana nywele, akazichafua, akazichana tena, akajiambia, "Wewe Bogna, umealikwa na mtu aliyedhani utakwepa." Akaenda na sare yake hiyo hiyo, kwa kuwa kurudi nyumbani kubadili kungempa nafasi ya kughairi.

Alimkuta Zenobi mezani, shati la kuazima, sahani ya tatu. Alimkuta Bi Leokadia akiwafundisha vijana namna ya kunywa vodka bila kukunja uso. Na alimkuta Ignacy kasimama mlangoni, kipande cha keki mkononi, waridi limeanza kuyeyuka kwa joto la kiganja.

"Umekishika tangu saa ngapi?"

"Niliogopa wangekila."

Wakacheza. Ignacy alicheza vibaya, akimkanyaga na kumwomba radhi, akimkanyaga na kumwomba radhi, mpaka Bogna akamwambia, "Bwana we, chagua moja." Kwenye harusi za Kipolandi wageni wakitaka maarusi wabusiane hulalamika kwamba vodka ni chungu. Basi Bi Leokadia, akiwageukia hawa wawili na si maarusi, akaanza, "Chungu! Chungu!" na ukumbi mzima ukaitikia. Ignacy akawa mwekundu kama ukuta wa zamani. Bogna, ambaye hakuwahi kukosa neno mbele ya halaiki, akampiga busu la shavu na kukimbilia nje kupunga upepo, na huko nje alicheka peke yake mpaka akashika ukuta.

Kesho yake wageni wa harusi, vichwa vikiwauma, walikwenda kukitoa kigari. Ignacy akarudi Brodnica. Jumapili iliyofuata akaja tena, kwa treni, na boksi la keki. Alipoulizwa amefuata nini, alisema anataka kuutazama mji. Akautazama. Alipanda tramu ya Bogna toka mwisho hadi mwisho, akashuka kwenda kuyaona yale maghala makongwe ya nafaka yanayosimama juu ya mto Vistula kama ukuta wa ngome, akarudi akamhadithia yeye aliyezaliwa pale. Bogna alimsikiliza mdomo wazi. "Huko juu nilikwenda na shule tu," akakiri, na siku ya mapumziko Ignacy ndiye aliyemshika mkono kumwonyesha.

Walizozana mwaka mzima wapi wakae. Bogna akajaribu Brodnica wiki moja. Siku ya tatu alikutwa na macho mekundu: kimya kile kilimkosesha usingizi. "Hakuna kinachopita," alilalamika. "Mtu unajuaje kama ni asubuhi?" Ikawa Ignacy ndiye aliyehama, akafungua duka dogo la keki huko Tarpno, na Gerard akambebea tanuri.

Wakaoana, na fungate walikwenda Venisi, kwa kuwa Lidka aliwanunulia safari. Siku ya kwanza Bogna alitembea akitafuta reli. Alipoelewa kwamba mji mzima husafiri kwa maji, alimwacha Ignacy na ramani yake, akapanda boti la abiria, akasimama nyuma ya nahodha. Hakuwa na neno hata moja la Kiitaliano. Kufikia jioni nahodha yule alikuwa akimwachia kamba ya kufungia boti kila kituo, naye akiwapigia kelele Waitaliano kwa Kipolandi wasiegemee mlango, na walikuwa wanamtii. Ignacy, aliyemfuata mbio, alikaa kiti cha mbele, boksi la vitafunio magotini, akiyatazama majumba yakipita.

"Hapa napo pazuri," akasema.

"Panafaa," Bogna akajibu, akirusha kamba. "Lakini hawa watu wanasimama kituoni muda mrefu mno."